Uji wa Manjano wa Saa Nne

Barasa na Cheruiyot, hamjambo.

Nimestaafu. Najua mnacheka, kwa sababu mtu wa kustaafu anatakiwa awe na mvi na fimbo, na mimi hata ndevu bado zinafanya mkutano kuamua kama zitatoka. Lakini daktari aliangalia macho yangu akasema moshi umekula kiasi chake, sasa nichague, jiko ama macho. Nikamuuliza kama siwezi kubaki na jicho moja na nusu ya jiko. Hakucheka. Kwa hivyo jiko la uji ni lenu sasa, nyinyi wawili, na kabla sijaenda kwetu nimeona niwaandikie vile kazi ilikuwa, kwa sababu kuna mambo mtaulizwa huko shambani na hamtajua hata swali limetoka wapi.

Mambo ya mshahara sitasema. Mshahara wenyewe haukuwa unasema na mimi, ulikuwa unapita tu kama mgeni mwenye haraka. Vyeo pia hakuna. Niliingia nikikoroga uji, nimetoka nikikoroga uji. Kilichoongezeka ni urefu wa mwiko.

Nilikuja hapa Kericho kutoka Kisii nikiwa nimemaliza darasa la saba, ama tuseme darasa la saba lilikuwa limenimaliza mimi. Nilitaka kazi ya karani, ile ya kuweka kalamu nyuma ya sikio. Nyapara alikuwa Arap Tonui, huyu huyu mtakayemkuta, ila siku hizo alikuwa na meno yote. Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, na ilichukua muda kwa sababu mimi ni mrefu, halafu akasema, "Wewe weri, umetengenezwa kama mwiko. Enda kwa jiko." Weri kwa Wakipsigis ni kijana. Jina la Mwiko likanishika hapo hapo, na mpaka leo nusu ya kambi haijui mama yangu aliniita nani.

Jikoni nilimkuta Baba Rispa, mzee wa Maragoli, mfupi, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka. Alikuwa amepika uji hapa tangu miti ya chai ikiwa mifupi kuliko kuku. Siku ya kwanza aliniambia nikoroge pipa yeye aende kuleta kuni. Nikakoroga vizuri kabisa, mpaka wasichana wakapita na vikapu mgongoni wakienda kuchuma majani, na mkono ukasahau kazi yake. Mzee alirudi, akanusa akiwa bado mlangoni.

"Umeona wangapi?"

"Wangapi nini, mzee?"

"Wasichana."

"Si wengi, mzee."

"Basi umeunguza uji ya shamba mzima kwa sababu ya si wengi."

Nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza, alinifundisha. Uji ukishika chini, usikwangue, usionje, usilie. Hamisha ule wa juu haraka kwa pipa lingine, ule wa chini uache na shida zake. Halafu ongeza maji ya uji uliochacha jana, uchachu unafunika harufu ya moshi. Tulipofika shambani akawaambia akina mama, "Leo uji imevuta sigara. Mkisikia ikikohoa msishangae." Wakacheka, wakanywa. Nikaona kumbe hii kazi ina nafasi ya mtu kama mimi.

Sasa sikieni mambo ya kazi. Unga unalowekwa tangu jana mchana kwa lile pipa la kando ya ukuta. Hilo pipa msilioshe na sabuni hata kama mkaguzi wa afya anakuja, uchachu unakaa kwa mbao na kwa kutu, ukiuosha umeua mama wa uji. Kuni za blugamu mbichi ndizo zimekula macho yangu, kwa hivyo kausheni. Bora mpate miti ya chai iliyokatwa, inawaka kimya bila maneno. Uji ukiwa mzito sana, trekta ikishafika kule juu umekuwa ugali. Ukiwa mwepesi, unafika umevaliwa na dereva. Unapakiwa kwa ile mikebe mikubwa ya maziwa, mfuniko unafungwa na kamba, na saa nne kamili trekta inasimama kwenye kona ya shamba. Kila mtu ana kikombe chake cha bati kimefungwa kwa kikapu. Mtasikia vikombe vinagongana kabla hamjaona watu.

Na mjue ni nani mnampikia. Wengi wao huo uji wa saa nne ndio chakula cha kwanza tangu jana jioni. Mtu anayechuma na njaa mtamjua kwa mkono, anaanza kuchuma majani makubwa yale magumu, macho hayachagui tena. Halafu kwa mzani majani yake yanakataliwa, anarudi nyumbani na njaa ingine mpya. Baba Rispa aliniambia, "Usidhani meneja anawapa uji kwa kuwapenda. Anaweka uji kwa watu vile anaweka dizeli kwa trekta. Lakini wewe pika kama ni kuwapenda." Nikamuuliza, kama ni dizeli, mapenzi ni ya nini? Akasema nikoroge. Hapo ndipo nilichanganyikiwa mara ya kwanza kwa hii kazi, na mpaka leo sijachanganuka.

Halafu mvua ikakataa. Nyinyi mlikuwa wadogo. Chai yenyewe ilikuwa inakunja majani kama mtu anayeficha mikono, mahindi yalikaukia shambani huko Kipsigis, huko kwetu, huko kwa akina Barasa, kila mahali. Hapa kambini shida ilikuja kwa miguu. Posho ilikuwa ya mwenye kazi peke yake, kipimo chake na maharagwe yake. Lakini watu wa nyumbani walisikia kuna posho Kericho, wakaja. Kila nyumba ya laini, zile za wafanyakazi zilizopangwa mstari, chumba kimoja, ikajaa nyanya na shemeji na watoto wa ndugu. Utawafukuza? Watu wawili wanapewa posho, watu kumi wanakaa kuizunguka sufuria.

Mama Moraa alikuwa mmoja wa hao. Dada yetu wa Kisii, mchumaji mwenye vidole vya haraka, mdomo pia wa haraka. Alikuwa na mtoto wa kunyonya, huyo Moraa, anambeba mbele kwa sababu mgongoni kuna kikapu. Mume wake, Baba Moraa, alikuwa kwa lile kundi la kukata chai iliyozeeka, wale wa visu vilivyopinda. Kwa nyumba yao alikuwa amekuja mama ya mume na watoto wa ndugu yake. Mama Moraa alikuwa anapakua, wote wanakula, halafu analamba mwiko na kusema ameshiba. Nilijua kwa sababu saa nne alikuwa wa kwanza kwa mstari, na alikuwa hanywi haraka. Alikuwa anakunywa kama mtu anayehesabu.

Siku moja nikamtania. "Mama Moraa, mtoto wako ananyonya ama anauliza maswali tu?" Kwa sababu yule mtoto alikuwa anavuta ziwa, anaacha, anamwangalia mama, anavuta tena.

Hakucheka. Akasema, "Anauliza maswali, Mwiko. Na mimi sina jibu."

Kutoka siku hiyo nilikuwa namjazia kikombe mpaka ukingoni.

Ndipo unga wa manjano ukaja. Mahindi meupe yaliisha kwa nchi, yakaletwa mengine kutoka ng'ambo, ya manjano kama kiini cha yai. Lori ilipofika, stoo ilikuwa imejaa mbolea ya chai mpaka dari. Kwa hivyo karani wa stoo akasema magunia yateremshwe mahali pengine pakavu. Na mahali pakavu palikuwa wapi? Nyumba ya ng'ombe wa meneja. Kambi yote iliona lori ikirudi nyuma pale, magunia yakishuka, na ng'ombe wakichungulia kama watu wanaongoja zamu yao. Na zamu yao ilifika kweli. Nyasi ilikuwa imekauka, meneja akasema ng'ombe wapewe hayo hayo mahindi, yao ya kupondwa, yetu ya kusagwa.

Sisi jikoni tulipigana na ule unga. Ulikuwa mkaidi. Ukiuweka kwa maji moto unafanya mabonge kama mawe ya mto. Ukiuacha, unalala chini. Baba Rispa akagundua unataka kukorogwa na maji baridi kwanza, halafu upikwe sana kuliko mweupe. Ulipoiva ulikuwa mtamu, sidanganyi. Lakini rangi! Hata mimi niliangalia pipa nikaona kama tumechemsha jua.

Wa kwanza kushuku alikuwa Baba Moraa. Watu wengine walikuwa wanasema huo unga unamaliza nguvu za wanaume, lakini yeye hakuwa na maneno ya chumbani. Alikuwa na neno moja tu. Umetoka nyumba ya ng'ombe.

Na Arap Tonui, kwa moyo wake mzuri, ndiye aliyemaliza kazi. Asubuhi ile ya kwanza alipanda juu ya trela mbele ya wachumaji wote, akavua kofia, akasema:

"Sikilizeni nyinyi wote. Msiogope hii rangi. Hii unga ni safi kabisa. Hata ng'ombe ya meneja inakula hii hii, na mmeona vile imenona! Inang'aa!"

Akatabasamu. Alikuwa anangoja makofi.

Halafu mama mmoja akachukua kikombe chake, akakigeuza, akakifunika juu ya kikapu. Tak. Mwingine, tak. Ikaenda hivyo mstari mzima kama mvua inaanza kwa mabati. Hatukugawa hata kikombe kimoja. Mama Moraa aliangalia mkebe, akaangalia kule upande wa pili wa barabara kundi la mume wake walikokuwa wanakata chai. Mume alikuwa amesimama, amesikia kila kitu. Mama Moraa akafunika chake, wa mwisho.

Kwa trekta tukirudi, Arap Tonui aliniuliza, sauti chini, "Mwiko, nimesema nini mbaya?"

"Mzee, umewaambia wao ni ng'ombe."

"Sasa ng'ombe ni mbaya?" Alishangaa kweli kweli. "Ng'ombe hawezi kula kitu chafu. Akinusa ni mbaya, anaacha. Binadamu ndiye anakula kila takataka. Mimi nimewapa heshima!"

Kwake ilikuwa heshima. Huyo mzee akisifu kitu, anakilinganisha na ng'ombe, hata mhubiri kanisani. Na sisi Wakisii si kwamba hatupendi ng'ombe, tunawapenda sana, lakini kumpenda na kula naye sahani moja ni vitu viwili. Nilijaribu kumweleza. Kufika jikoni yeye alikuwa hajaelewa na mimi nilikuwa nimeanza kuona yuko sawa.

Jioni nilienda kwa Baba Moraa kama mtu wa kwetu. Alikuwa amekaa nje ananoa kisu. Nikamwambia, ndugu, nimepika ile kitu kwa mikono yangu, ni chakula.

"Sijasema si chakula," akasema. "Nimesema ni ya nani. Baba yangu amekata hii chai mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Alikula vibaya, alikula kidogo, siku zingine hakukula. Lakini hakuna siku alikula kitu kimetoka kwa nyumba ya ng'ombe. Mke wangu hatakunywa."

"Na mtoto?"

Akaacha kunoa. Nikarudi jikoni na mdomo wangu.

Nikamwambia Baba Rispa, tununue wimbi kidogo kwa Wakipsigis wa hapo nje, tuchanganye, rangi ipotee, watu wanywe bila kujua. Nilijiona mjanja sana. Mzee akanigonga na kofia yake.

"Ukiwaficha rangi leo, siku watakayojua hawatakunywa hata ile nyeupe. Wewe ni mpishi ama ni mchawi?"

Siku ya pili, tak tak tak. Uji ukarudi mzima. Arap Tonui akaleta neno kutoka juu: mikebe ikiendelea kurudi imejaa mpaka Jumamosi, Jumatatu hakuna kuwasha moto tena, uji wa saa nne umekwisha. Si wa manjano. Wote, milele. Meneja alikuwa ameshangaa, akasema kama hawataki si basi. Na alikuwa na haki ya kushangaa, kwa sababu kutoka kule juu mambo yalionekana rahisi. Watu wana njaa, chakula kipo, watu wanafunika vikombe.

Mchana nikaenda mwenyewe kuangalia hao ng'ombe. Nilitaka kuona tunashindana na nani. Mchungaji wao akanionyesha. Walikuwa wanapewa asubuhi, wanapewa jioni. Sisi mara moja, saa nne. Ng'ombe akiwa mgonjwa anapewa zaidi. Mama Moraa akiwa mgonjwa hana uji, kwa sababu uji ni wa aliye kazini. Nikaona mashine ya kutenganisha maziwa. Siagi inaenda nyumba kubwa na kule kwa klabu ya mameneja. Maziwa yanayobaki, yale mepesi, wanapewa ndama, na yakizidi yanamwagwa kwa mtaro. Nilisimama nikaangalia mtaro mweupe ukishuka kuelekea mtoni, mwaka wa njaa.

Nikarudi nikiwa nimechanganyikiwa kabisa. Nilikuwa najiuliza, sisi tunapewa chakula cha ng'ombe, ama ng'ombe wanapewa chakula chetu? Kama ni chakula chetu, Baba Moraa amekosea. Kama ni chakula cha ng'ombe, mbona nasikitika kikimwagwa? Nikamuuliza Baba Rispa. Akasema nikoroge. Nikamwambia hakuna anayekunywa. Akasema, "Koroga tu. Mtu akija akute ni moto."

Na mtu akaja. Ijumaa mchana, kazi imeisha, Mama Moraa alisimama kwa mlango wa jiko na mtoto. Moraa alikuwa hata haulizi maswali tena. Kichwa kilikuwa kimelala tu kwa bega la mama, macho wazi.

Nikachukua kikombe bila kungoja, nikajaza, nikamnyooshea. "Kunywa, dada yangu. Hapa hakuna mtu."

Aliangalia huo uji. Hakuchukua.

"Nikinywa hapa, nimeiba," akasema. "Nitakuja kila siku kuiba? Na hao wengine? Unadhani ni mimi peke yangu nina mtoto?"

"Basi unataka nini?"

"Nimekuja kuuliza kama kesho mtapika."

Baba Rispa akajibu kutoka kwa moshi, "Tutapika."

"Pikeni mwingi," akasema, akaenda.

Nilibaki na kikombe mkononi. Nilimkasirikia, nawaambia ukweli. Uji uko hapa, njaa iko hapo, mlango uko wazi, na mtu anaondoka. Nikamwambia mzee, huyu mama ana wazimu. Mzee akaweka unga mwingine wa kuloweka, wa kutosha kambi nzima, na hakusema nikoroge.

Jumamosi saa nne trekta ikasimama. Vikombe vikaanza, tak, tak. Arap Tonui alikuwa amekaa kwa gurudumu, anaangalia chini, amechoka kutoa heshima. Baba Rispa akafungua mkebe. Mvuke ukapanda.

Mama Moraa akatoka kwa mstari. Kikombe chake kilikuwa hakijafunikwa. Akaja mpaka kwa trela, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, "Jaza."

Nikajaza. Nikamwaga kidogo kwa kiatu cha Baba Rispa.

Ng'ambo kule wanaume waliacha kukata. Baba Moraa akavuka barabara, kisu mkononi, pole pole. Sidhani alikumbuka kwamba ana kisu, lakini sisi tulikuwa tunakiona. Akasimama mbele ya mke wake.

"Wewe ni ng'ombe?"

"Ndio," Mama Moraa akasema. "Mimi ni ng'ombe. Na huyu ni ndama. Ng'ombe ya meneja imekula hii, ina maziwa mpaka yanamwagwa kwa mtaro. Mimi nimekula heshima yako siku nne, na sina hata tone. Sasa shika ndama nikunywe."

Akamnyooshea mtoto.

Mume alisimama. Aliangalia mtoto, akaangalia kisu. Mkono mmoja hauwezi kushika vyote viwili. Akakichoma kisu kwa kisiki cha mti wa chai, akapokea Moraa kwa mikono miwili, vile mwanaume anapokea mtoto kama anapokea mayai. Mama Moraa akanywa. Hakunywa kama mtu anayehesabu. Alikunywa chote, akapangusa mdomo, akanyoosha kikombe tena.

Mama mwingine kwa mstari akasema, "Mooo," taratibu tu. Kicheko kikalipuka. Wengine walikuwa wanacheka na machozi yanatoka, mimi pia, na mimi sikuwa na mtoto. Vikombe vikageuka juu. Siku hiyo mikebe ilirudi mitupu mpaka nikapata mwangwi nikiongea ndani.

Sasa mngedhani hapo imeisha. Mama Moraa na kikombe cha pili mkononi akamgeukia Arap Tonui. "Nyapara, ulisema tukule kile ng'ombe inakula. Tumekula. Sasa na maziwa yake je?"

"Maziwa gani, mama?"

"Ile ya mtaro. Mimi huchota maji ya mto ikiwa imeingia ndani. Ninyi mnaimwaga, mimi napitia chini nikiwa na mtoto mkavu. Iwekwe kwa uji ya wale wananyonyesha."

Arap Tonui akakuna kichwa. Halafu nikaona uso wake unafunguka, kwa sababu hayo sasa yalikuwa maneno anayoyaelewa. Mtu anayeomba maziwa. Akavaa kofia, akapanda njia ya nyumba kubwa, na tulimwona anaivua tena kabla hajafika hata nusu.

Alirudi akishangaa. "Amesema sawa."

"Amesema nini ingine?"

"Amesema sawa tu. Amesema si inamwagwa."

Sikulala vizuri kwa hilo neno. Kumbe lilikuwa rahisi hivyo? Miaka yote ule mtaro ulikuwa unangoja mtu aulize?

Jumatatu mkebe wa maziwa mepesi ulikuja jikoni. Tukawapakulia kwanza akina mama wa kunyonyesha, uji wa manjano na maziwa juu, ukawa rangi ya malai. Baba Moraa alivuka barabara tena, safari hii bila kisu. Akasimama kando ya trela, anaangalia ndani ya kikombe cha mke wake.

Nikamwambia, "Ndugu, nikupatie?"

"Sijasema nakunywa," akasema. "Naangalia rangi."

Aliangalia rangi wiki nzima. Sikumbuki siku gani alikuja na kikombe, kwa sababu nilijifanya sioni. Moraa alianza kuuliza maswali tena, halafu akaanza kupata majibu, halafu akaanza kunenepa na kunitemea uji.

Mimi mpaka leo sijui tulishinda ama tulishindwa. Watu walikula kile walikataa. Walikila wakicheka, lakini walikila. Unga ulikuwa ule ule, nyumba ya ng'ombe ilikuwa ile ile, na meneja alifurahi kwa sababu majani yalichumwa. Baba Moraa alikuwa na haki, na haki yake ilikuwa inaua mtoto wake. Nilimuuliza Baba Rispa siku anastaafu, siku aliyonipa mwiko. Alifikiri sana. Nikangoja aniambie nikoroge. Akasema, "Hata mimi sijui, Mwiko," na akaenda Maragoli na kofia yake.

Mvua ilirudi, unga mweupe ukarudi, hakuna aliyeutangaza. Maziwa yaliendelea. Halafu meneja akabadilishwa, yule mpya hakupenda ng'ombe, wakauzwa. Asubuhi moja mkebe wa maziwa haukuja, na hakuna aliyetangaza hilo pia. Nilimuuliza Arap Tonui. "Ng'ombe zimeuzwa, Mwiko. Maziwa itoke wapi, kwa trekta?" Nikacheka. Lilikuwa jibu zuri, na nilikuwa na uji wa kugawa. Akina mama wa kunyonyesha wameendelea kuja kwa mstari. Wako hapo hata sasa, wapya, hata hawajui kulikuwa na maziwa.

Jana ilikuwa siku yangu ya mwisho shambani. Nikagawa, nikatania kila mtu, na Mama Moraa akafika. Bado anachuma, vidole vimepunguza haraka, mdomo haujapunguza. Nikamjazia mpaka ukingoni. Hakuondoka kwa mstari.

"Mwiko, nasikia unaenda."

"Naenda, dada. Macho."

"Na ile maneno ya maziwa umeiacha wapi?"

"Ng'ombe ziliuzwa, mama."

"Maziwa ya chai ya ofisi inatoka Silibwet kila asubuhi kwa baiskeli. Mimi naiona ikipita. Nakuuliza, umeiacha wapi?"

Watu nyuma yake walikuwa wanangoja. Moja kwa moja nyuma yake kulikuwa na msichana mdogo wa laini ya chini, mtoto amefungwa kifuani, kikombe mkononi.

Nikasema, "Nimewaachia Barasa na Cheruiyot."

"Wanajua?"

"Nitawaambia," nikamwambia.

Basi nimewaambia.